Mstari wa Khalayi

Triza hakuwahi kuelewa hasa binti yake alifanya kazi gani, lakini hilo halikumzuia kujigamba. Pale kwenye meza yake ya mboga, mtaani Huruma, Nairobi, huku akikatakata sukuma wiki, aliwaambia wateja kwamba Khalayi ameutia mto kwenye kompyuta. Si kipande, mto mzima, kuanzia juu Kiambu unakochimbuka mpaka huku kwetu unakonuka. Wateja wakicheka, aliwaambia wacheke tu, ipo siku wataonyeshwa uchafu wao humo, kila mmoja na ndoo yake.

Na hakuwa amekosea sana. Khalayi Mulongo, kifungua mimba wa Triza na Patrobas, alikuwa ameajiriwa na ofisi moja ya wataalamu wa maji mjini, na kazi yake ilikuwa kuunda mto wa kuigiza. Aliigawa nchi yote inayomwaga maji yake kwenye Mto Mathare vipande vidogo vidogo: hapa mashamba, hapa msitu, hapa majumba ya wenye nazo na bustani zao, hapa mabati yaliyobanana hadi mvua haina pa kuzama. Kila kipande alikieleza kwa kompyuta: udongo wake unakunywa maji kiasi gani, mteremko wake ukoje, kinatoa uchafu wa aina gani. Kisha aliinyeshea mashine mvua ya mwaka fulani, akaketi kuyatazama maji yakishuka, yakikutana, yakivimba, mpaka yanafika Huruma yamebeba damu ya machinjio na choo cha kila mtu. Mashine ilimjibu maswali mawili: maji ni mengi kiasi gani, na ni machafu kiasi gani. Jibu la pili hata mbuzi wa Huruma alilijua. La kwanza ndilo lililomsumbua, kwa sababu kutokana nalo ofisi ilitaka kuchora mstari kwenye ramani. Chini ya mstari mafuriko yatafika, juu yake hayatafika.

Na nyumba ya wazazi wake ilikuwa pale pale mstari ulipotaka kupita. Mto ulikuwa na safu tatu za nyumba upande ule, kabla ya kufikia majengo ya ghorofa. Safu ya kwanza ilikaa ukingoni kabisa, na wenyewe walijua wanaishi kwa huruma ya Mungu. Safu ya pili ndiko alikozaliwa Khalayi. Ya tatu ilikuwa ya akina Anab, rafiki wa mama yake, aliyeingia Huruma akiwa mkimbizi na mtoto mgongoni, akapewa na Triza sufuria ya kwanza ya kupikia.

Ofisini walidhani kila mtu angependa kuwa chini ya mstari, kwa sababu walio chini yake wangetumiwa ujumbe kwa simu mvua kubwa ikija, wapate kuhama mapema. Maskini ofisi. Huruma walijua kwamba nyumba ikishasemwa iko mahali pa maji, haichukui muda anakuja mtu na rangi nyekundu kuitia alama ya X mlangoni, na baada yake linakuja tingatinga. Wakubwa hawabomoi kwa sababu maji yamefika. Wanabomoa kwa sababu wamesikia yamefika. Kwa hiyo Khalayi alipokuwa akiuchora mstari ule alikuwa anawachorea wazazi wake nyumba au kulala barabarani, na alilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Sasa, mto wa kuigiza hauaminiki mpaka ulinganishwe na mto wenyewe. Lazima uchukue mvua iliyowahi kunyesha kweli, uiingize kwenye mashine, kisha uone kama mashine itayafikisha maji pale yalipofika kweli. Zamani kulikuwa na ubao wa chuma wenye namba za kupimia kina, umesimikwa chini ya daraja, lakini vijana waliung'oa wakauza chuma kwa kilo. Ikabaki kuuliza watu. Mafuriko makubwa ya mwisho yalitokea Khalayi akiwa chuoni Eldoret, hakuyaona kwa macho. Basi akawaleta wenzake wa ofisi Huruma, wakiongozwa na Injinia Njoki, mama mmoja mpole asiyeogopa tope, na baba yake mwenyewe akajitolea kuwatembeza nyumba kwa nyumba.

Patrobas Mulongo alikuwa mtu wa kuaminiwa. Alifanya kazi kiwanda cha misumari mpaka wakampunguza, akageuka fundi rangi. Na hapa lazima niseme jambo moja ambalo wageni hawalijui. Kila baada ya mafuriko, hata kabla magodoro hayajakauka, watu wa kando ya mto hununua chokaa wakapaka kuta zao. Maji yakishuka huacha ukutani mstari wa kahawia, na ukuta wenye mstari una mdomo: humwambia mpangaji asikae, na humwambia mtu wa serikali alete rangi nyekundu. Kwa hiyo unafutwa. Patrobas ndiye aliyeitwa kuufuta, safu zote tatu, miaka nenda miaka rudi, na Khalayi alipokuwa mdogo ndiye aliyembebea ndoo.

Siku ile ya kuulizwa, kila ukuta ulikuwa mweupe pe. Injinia Njoki aliuliza nyumba baada ya nyumba maji yalifika wapi, na kila nyumba ikajibu kwa heshima kwamba yalifika, ndiyo, lakini kidogo tu. Walipoingia kwa akina Khalayi, Patrobas aliinama akagusa ukuta usawa wa kifundo cha mguu, akasema yaliingia kulowesha mkeka yakatoka. Triza alikuwa anakoroga chai ya wageni. Hakuinua uso. Khalayi aliuona uso ule usioinuka. Tusimsingizie kwamba hakuona. Lakini aliyesema ni baba yake, naye alikuwa akisema neno ambalo yeye binti alikuwa akiliombea usiku na mchana.

Ofisini mashine ikakataa. Khalayi aliinyeshea mvua ya mwaka ule wa mafuriko, na mashine ikayapeleka maji safu ya pili mpaka kifuani mwa mtu mzima. Akajaribu tena, kifuani. Akakasirika nayo kama unavyokasirika na mtoto mkaidi mbele ya wageni. Basi akaanza kuirekebisha, maana kazi yenyewe inaruhusu: udongo ambao hujaupima unaweza kuukisia upya. Akaiambia mashine kwamba ardhi ya Huruma inakunywa maji zaidi. Haikutosha. Akaiambia inakunywa zaidi ya hapo, ardhi ile iliyofunikwa mabati na saruji na nailoni, akailazimisha inywe kama shamba lililolimwa jana. Maji yakashuka kifuani, yakashuka magotini, yakatulia kwenye kifundo cha mguu, pale pale baba yake alipogusa. Injinia Njoki aliuliza kama ardhi ile kweli inaweza kunywa hivyo. Khalayi akamjibu kwamba mashahidi wote wamesema neno moja. Njoki akafikiri, akatia sahihi.

Mstari ukapita mbele ya mlango wa Triza, nje, karibu na pale alipozoea kumwaga maji ya vyombo. Jumapili iliyofuata akachinjwa jogoo. Anab alileta sambusa, akala ugali kwa mkono akicheka kwamba sasa amekuwa Mluhya, na Patrobas akaomba sala ndefu ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya elimu. Khalayi alikula akashiba. Hakuna aliyekuwa na furaha kumshinda.

Masika yaliyofuata yalikuja na hasira. Jumamosi moja ilinyesha Kiambu kutwa nzima bila kupumua, na jioni ujumbe ukaingia kwenye simu za safu ya kwanza: hameni, nendeni shule ya msingi huko juu. Wakahama wengi, na wengine wakapanda tu hatua chache mpaka kwa Patrobas, aliyewafungulia mlango akawasaidia kubeba magodoro. Safu ya pili haikupata ujumbe wowote. Anab naye hakupata, lakini Anab alishakimbia vita ujanani mwake, na mtu wa namna hiyo hangoji kuambiwa. Alifunga kitita chake akapita kwa Triza, akamwambia twende.

Triza alitaka kwenda. Goti lilimuuma, lakini alitaka. Alimpigia simu Khalayi aliyekuwa kwake, mtaa wa Mowlem, na kabla hajamaliza kueleza, Patrobas aliichukua simu.

"Wewe iulize kompyuta," alisema. "Tutafanya itakavyosema."

Khalayi aliiuliza. Aliingiza mvua ya siku ile, akangoja, akaona maji yakipanda, yakimeza safu ya kwanza, yakisimama nje ya mlango wa mama yake.

"Hayafiki kwenu, baba," alisema. "Kaeni."

Wakakaa. Anab akaenda peke yake na kitita chake, akigeuka kutazama nyuma.

Maji yalikuja asubuhi, watu wakijitayarisha kwenda kanisani. Hayakuja kwa kupanda polepole kama yanavyopanda kwenye kompyuta. Yalikuja kama ukuta, na mabati, na miti, na choo kizima kilichong'oka kikiwa kimesimama. Patrobas alikuwa ametoka kumpandisha bibi mmoja wa safu ya kwanza kwenye ngazi za ghorofa. Aligeuka akaona paa la nyumba yake, na chini ya paa hakuna kitu. Walimshika mikono watu watatu asijirushe. Triza alipatikana baada ya siku kadhaa, mbali huko chini, upande wa Dandora, na aliyemtambua ni Khalayi, kwa kitambaa cha kichwa, kwa sababu uso haukuwa wa kutambuliwa. Wengine waliokuwa wamejihifadhi ndani ya nyumba ile, kwa sababu ilikuwa salama, walikwenda naye.

Wakamsafirisha hadi kwao Bungoma wakamzika. Waombolezaji walilia wakachoka, wakala, wakaondoka, na Khalayi akabaki na baba yake wakitazama udongo mbichi. Patrobas alitaka kujua kitu kimoja tu: mashine ilikosea wapi.

Khalayi naye akamuuliza. Yale mafuriko ya zamani, yeye Khalayi akiwa chuoni, yalifika wapi kweli?

Patrobas aliinua mkono polepole akauweka kifuani.

"Mbona ulituonyesha chini?"

"Nilikuwa nawaonyesha wale wa ofisi," alisema mzee, kwa mshangao wa mtu anayeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni. "Watu wa ofisi huambiwa hivyo, mama. Nilijua kompyuta itajua yenyewe. Si ndiyo maana mkainunua?"

Hapo Khalayi angeweza kunyamaza. Baba yake alikuwa mzee, alikuwa mjane wa majuma mawili, na uongo mmoja zaidi usingemgharimu mtu. Lakini alikuwa amechoka na uongo uliosemwa kwa upendo.

"Ilijua," alisema. "Ilisema kifuani. Mimi ndiye niliyeikatalia, kwa sababu wewe ulisema kifundoni."

Patrobas aliketi chini, pale pale kwenye udongo. Alilia kwa sauti ambayo Khalayi hakuwahi kuisikia kwa mwanamume, na Khalayi alilia naye, lakini hawakushikana. Kila mmoja alikuwa na mzigo wake, na mzigo ulikuwa ni mmoja. Kuanzia siku ile walizungumza kwa adabu, kama watu waliokutana safarini.

Mzee hakukaa Bungoma. Alisema hawezi kulala karibu na kaburi lile, akarudi Huruma, ambako hakuwa na nyumba tena. Anab akampokea safu ya tatu. Nyumba yake ilikuwa imesimama, ingawa maji yaliingia humo naye akiwa shuleni juu. Akampa chumba cha nyuma alale na Keynan, mpwa wa Anab, na hakuna aliyethubutu kusema neno kuhusu mjane na Mwislamu kukaa chini ya paa moja. Yale mambo ya kusemana yalikuwa yamekwisha.

Kisha ikatoka amri: wote walio mahali pa maji waondoke kando ya mto. Mahali pa maji ni wapi? Ofisi ikaulizwa, na Injinia Njoki, aliyekuwa amekonda, akamwita Khalayi. Alisema mstari wa kwanza umeua watu, kwamba sahihi ni yake na lawama ataibeba mwenyewe, na kwamba sasa wanahitaji alama za kweli. Kama Khalayi hawezi kwenda atatumwa mwingine. Khalayi akasema atakwenda mwenyewe.

Alipoingia kwa Anab alikuta ukuta mweupe. Chokaa ilikuwa bado inanuka. Hakuhitaji kuuliza ni mkono wa nani, maana aliufahamu upakaji ule tangu utotoni, jinsi brashi ilivyovutwa kutoka juu kwenda chini bila kuacha mshono. Patrobas alikuwa ameketi kwenye kitanda, vidole vyake bado vyeupe. Mtu yule alikuwa amemzika mkewe kwa sababu ya ukuta mweupe, na akapaka mwingine. Na ungetaka afanye nini? Anab alikuwa amemwomba, na alikuwa anakula chakula chake.

Majirani walijaa mlangoni. Khalayi akauliza, kwa sauti ya kazi, maji yalifika wapi. Anab alimtazama Patrobas, Patrobas akatazama sakafu. Mwishowe mzee aliinama, akanyoosha mkono ule ule, akagusa ukuta usawa wa kifundo cha mguu. Mkono haukupanda.

Keynan alimsogelea Khalayi, akasema chini chini.

"Siste, usituchomee kwa wakubwa. Tukitolewa hapa hatuna pa kwenda. Unajua."

Alijua. Alijua pia kwamba akiandika kifundoni, masika mengine, au ya baada ya hapo, atakuwa anamtafuta Anab huko chini kwa kumtambua kwa kitambaa. Kokote alikogeuka kulikuwa na msiba, mmoja wa haraka na mmoja wa kungojea. Alitoa ufunguo wa nyumba yake, akakwangua chokaa mbele ya macho ya baba yake, kuanzia chini akipanda, mpaka akaukuta mstari wa kahawia, juu ya kiuno. Akaupima. Hakuna aliyemzuia. Mlangoni watu walimpisha njia kama wanavyompisha mtu mwenye ugonjwa.

Safari hii mashine haikubishana naye. Aliinyang'anya ardhi maji yote aliyokuwa ameilazimisha kunywa, na mstari ukapanda wenyewe, ukaimeza safu ya pili isiyokuwepo, ukaimeza ya tatu, ukasimama miguuni pa ghorofa. Ulikuwa mstari wa kweli. Injinia Njoki aliambatanisha maneno makali, kwamba watu watafutiwe kwanza mahali pa kuishi, ndipo wahamishwe. Maneno yakabaki ofisini, mstari ukatoka. Alama za X zilipakwa safu nzima kwa asubuhi moja, na tingatinga likaja wiki ile ile, mvua ikinyesha. Patrobas alilitazama likiangusha ukuta aliopaka, kisha akapanda gari la Bungoma kwenda kulala karibu na kaburi alilolikimbia. Hakumuaga bintiye. Tangu hapo Khalayi akimpigia simu, ndugu za mzee ndio huipokea, wakasema mzee amelala.

Anab ilikuwa vigumu kumpata. Khalayi alimtafuta misikitini, Pumwani hadi Majengo, hadi mtu mmoja aliyekuwa akiuza naye nguo akamwelekeza Mowlem, karibu kabisa na kwake, lakini chini, kule watu wa Mowlem wasikoshuka. Alishuka. Alikuta chumba cha mabati mapya hatua chache kutoka majini, na Anab akiosha vyombo kwa maji aliyoyachota pale pale. Kodi huko ilikuwa nafuu, na mtu aliyebomolewa hachagui. Keynan alikuwepo, na wengine wa safu ya tatu, na wawili watatu wa safu ya kwanza waliopona. Wote walikuwa wamehamia mto ule ule, chini zaidi, mahali unapofika ukiwa mpana na mchafu kuliko popote. Kwenye kompyuta ya Khalayi kipande kile hakikuwepo. Utafiti uliishia darajani juu yake. Kila mvua aliyoinyeshea mashine, maji yote na uchafu wote wa Huruma ulifika ukingo wa ramani ukamwagika huko, na hakuna aliyeuliza kuna nani.

Anab alimkaribisha. Alimpa stuli, akamuuliza hali ya baba yake, akalia kidogo alipomtaja Triza, akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Hakumlaumu kwa lolote, na Khalayi alitamani amlaumu. Kisha akautazama mto, akamtazama Khalayi.

"Hapa kuna mstari?"

"Bado," alisema Khalayi. "Hapa hatujapima."

"Yanafika?"

Khalayi hakuhitaji mashine kwa hilo, wala Anab hakuhitaji jibu. Alishika mkono wa Khalayi kwa mikono yake miwili iliyolowa.

"Basi usilete mashine yako huku, mwanangu. Sina nguvu za kuhama tena. Yakija, yaje yenyewe. Niahidi."

Juu ya Kiambu wingu lilikuwa limeanza kukusanyika. Khalayi alitafuta neno lolote jingine la kusema.

"Nakuahidi, mama," alisema.